Jiwe, Pilipili na Chokaa: Salsa katika Historia ya Meza ya Meksiko

Mtu wa Pwani akitajiwa salsa, aghalabu hukumbuka muziki: tarumbeta, ngoma za Kuba na miguu isiyotulia. Hakukosea. Lakini salsa ilikuwa chakula kabla ya kuwa ngoma, na muziki ndio ulioazima jina jikoni. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, mtunzi wa Havana, Ignacio Piñeiro, alitoa wimbo uitwao "Échale salsita", yaani "Tia mchuzi kidogo", akimsifu muuza soseji wa njiani. Miongo minne baadaye, huko New York, wanamuziki wenye asili ya visiwa vya Karibi walilitwaa neno hilo likawa jina la muziki wao. Ladha ikageuka mahadhi. Hata hivyo salsa ya sahanini ina umri mkubwa kuliko wimbo huo. Ilikuwapo Meksiko kabla ya chombo chochote cha Hispania kutia nanga ufukweni mwake.

Neno lenyewe ndilo geni. Katika Kilatini maana yake ni "iliyotiwa chumvi", na Wahispania walilitumia kwa kila mchuzi wa kutowelea. Wenyeji wa nyanda za juu za Meksiko, waliosema Kinahuatl, walikuwa na neno lao: molli. Mchuzi wa pilipili uliitwa chilmolli, na wa parachichi uliitwa ahuacamolli, ambao ulimwengu wa leo unaujua kwa jina la guacamole. Mshindi alipofika alikiona kitu, akakipa jina la kwao, akadhani amekwisha kukimiliki. Kumbe jina ni jambo moja na elimu ya kitu ni jambo jingine, na habari za meza ya Meksiko tangu siku hiyo ni habari za tofauti hiyo.

Wahispania waliingia katika mji wa Waazteki, Tenochtitlan, mwezi Novemba 1519. Katika barua aliyomwandikia mfalme wake mwaka 1520, Hernán Cortés alilieleza soko la Tlatelolco, akakadiria kwamba watu zaidi ya 60,000 walikutana hapo kila siku kuuza na kununua. Miaka mingi baada ya mji kuanguka, padri Bernardino de Sahagún, akisaidiwa na wanazuoni wa Kinahua na wazee wenyeji, alikusanya maarifa ya watu hao katika vitabu 12, kwa Kinahuatl na Kihispania, kazi iliyokamilika karibu na mwaka 1577. Humo wametajwa wauzaji wa sokoni mmoja mmoja: muuza pilipili, muuza nyanya, na muuza vyakula vilivyopikwa pamoja na michuzi yake, ya pilipili, ya nyanya na ya mbegu za maboga. Muuzaji mwema ametenganishwa na muuzaji mbaya, anayeuza vilivyooza na kuwadanganya watu. Mtu anayesoma kurasa hizo hukutana na ustaarabu uliokuwa na viwango vyake vya upishi, wenye kujua lipi safi na lipi chafu, bila kufundishwa na mgeni.

Pilipili haikuwa kiungo tu katika maisha ya watu hao. Walipofunga kwa ajili ya ibada zao, kilichoachwa kilikuwa chumvi na pilipili. Mtu aliruhusiwa kula mahindi yake, lakini yakiwa makavu, bila cha kuyaonjesha. Kwa hiyo kufunga kwao kulikuwa kuiweka mbali ladha, na siku ya kufungua ilikuwa siku ya kurudi kwa molli.

Namna ya kuitengeneza salsa haikubadilika sana tangu enzi hizo. Chombo chake ni molcajete, kinu kifupi cha jiwe la volkano, jeusi na lenye matundu madogo, kinachosimama juu ya miguu mitatu, pamoja na mchi wake wa jiwe hilo hilo. Nyanya na pilipili huchomwa juu ya kikaango bapa cha udongo, bila mafuta, mpaka ngozi zipate madoa meusi. Kitunguu thomu huchomwa na maganda yake. Kisha husagwa kwa utaratibu: kwanza chumvi na thomu, halafu pilipili, na mwisho nyanya, ili maji ya nyanya yasije yakaponyosha pilipili kabla haijalainika. Kinachosagwa kwa jiwe hakigeuki uji, bali hubaki na vipande vya kutafuna. Salsa ya kijani hutokana na tunda jingine, dogo, chachu, lililovikwa ganda jembamba kama karatasi, ambalo Wanahua waliliita tomatl. Nyanya nyekundu waliiita xitomatl. Iko pia salsa isiyopikwa, ya nyanya, kitunguu, pilipili mbichi, kotmiri na ndimu, vyote vikiwa vimekatwakatwa. Mtu wa Unguja angeipokea bila ya kuuliza na kuiita kachumbari.

Ama adabu ya kuila, hiyo ndiyo inayostahili kuangaliwa. Chakula chenyewe aghalabu hakipikwi kwa ukali. Maharage, nyama, mayai au samaki huletwa mezani vikiwa vimetulia, na salsa huwekwa kando, mara nyingi mbili, nyekundu na ya kijani, kila mlaji ajitilie kadiri ya ulimi wake. Mtoto na mzee, mgeni na mwenyeji, hula chungu kimoja bila ya mmoja kumlazimisha mwenziwe. Kijiko ni tortilla, mkate mwembamba wa mahindi, wa duara kama chapati ndogo, ambao humegwa kwa mkono ukachotea. Tortilla ikikunjwa juu ya nyama na salsa huwa taco. Ikichovywa ndani ya mchuzi wa pilipili huwa enchilada, na jina hilo halina maana nyingine ila "iliyotiwa pilipili". Tortilla zilizolala hazitupwi: hukaangwa, zikamiminiwa salsa asubuhi, zikaitwa chilaquiles. Tamal, unga wa mahindi uliofungwa katika ganda la hindi au jani la mgomba na kupikwa kwa mvuke, huliwa siku za kawaida, na huwa ni wajibu tarehe 2 Februari, sikukuu ya Candelaria. Katika siku za mwanzo wa Novemba, jamaa huwaandalia marehemu wao meza yenye maua na vyakula walivyovipenda, na mara nyingi michuzi hii haikosekani hapo.

Si kila nchi isemayo Kihispania inakula kwa ukali huo. Huko Peru jina la pilipili ni ají, na husagwa kwa jiwe kubwa liitwalo batán. Katika Kuba mchuzi mashuhuri, mojo, ni wa thomu na maji ya danzi, hauwashi hata kidogo, na humiminwa juu ya muhogo uliochemshwa. Visiwa vya Kanari navyo vina mojo yao, nyekundu na ya kijani, inayoliwa pamoja na viazi vidogo vilivyochemshwa kwa chumvi nyingi. Hispania yenyewe huikausha pilipili kwa moshi na kuisaga unga. Neno limeenea kote, lakini kila mahali lilikuta mkono wake.

Nao Wahispania hawakuvuka bahari mikono mitupu. Kwa karne karibu nane, kuanzia 711 hadi 1492, sehemu za nchi yao zilikuwa chini ya watawala Waislamu, na jiko lao lilikuwa limejaa mapato ya zama hizo. Ndiyo maana Mswahili anayefungua kitabu cha mapishi cha Kihispania hujikuta miongoni mwa jamaa: azúcar ni sukari, azafrán ni zafarani, aceituna ni zeituni. Danzi lilitoka Asia, likafika Hispania kwa mikono ya Waarabu, kisha likavuka bahari hadi Yucatán, kusini mashariki mwa Meksiko. Wamaya wa huko wakalifanya lao. Kwa maji ya danzi huikoleza nyama, wakaipaka mbegu nyekundu za achiote, wakaifunga kwa majani ya mgomba na kuioka shimoni. Salsa ya kuilia, ya pilipili kali sana, kitunguu na danzi, huitwa kwa Kimaya xnipec, yaani "pua ya mbwa", kwa sababu anayeila pua yake haikauki.

Makutano hayo yanaonekana zaidi katika mole, mchuzi mzito uliorithi jina la molli. Hadithi ya mji wa Puebla yasimulia kwamba ulibuniwa katika karne ya 17 na mtawa wa kike, Sor Andrea de la Asunción, katika utawa wa Santa Rosa. Hadithi hiyo inapendwa, ila inawasahau wanawake wenyeji waliokwisha kusaga molli kwa karne nyingi kabla ya watawa hao. Kilicho hakika ni viungo. Pilipili kavu za aina kadhaa, nyanya na kakao ni vya Meksiko. Ufuta, lozi, zabibu, pilipili manga, mdalasini na karafuu vilitoka ng'ambo. Karafuu zama hizo ilikuwa bado haijapandwa Unguja wala Pemba. Ilikuwa ikitoka visiwa vya Maluku, na kuanzia 1565 hadi 1815 merikebu za Hispania zilipokuwa zikisafiri baina ya Manila na Acapulco, bidhaa za Asia ziliweza kuingia Meksiko kwa mlango wa Bahari ya Pasifiki.

Katika utawa mwingine, wa San Jerónimo mjini Meksiko, aliishi mshairi mkubwa kuliko wote wa karne hiyo, Sor Juana Inés de la Cruz. Mwaka 1691, baada ya kulaumiwa kwa kujishughulisha mno na elimu za kidunia, aliandika barua ndefu ya kujitetea. Miongoni mwa hoja zake alitoa mfano wa jikoni: namna yai linavyoshikamana katika mafuta ya moto na namna linavyotawanyika katika shira. Mtu mwenye kutazama, alidai, hujifunza maumbile hata mbele ya meko, na wanafalsafa wangefaidika lau wangalipika. Msomaji aweza kuichukulia hoja hiyo kuwa mzaha wa mwanamke mwerevu. Lakini karne iliyofuata ilileta ushahidi mzito kwamba jikoni kuna elimu, na kwamba anayeipuuza hulipa.

Ushahidi huo ni mahindi. Wahispania waliyatazama kwa dharau tangu mwanzo. Kwao chakula cha mtu aliyestaarabika kilikuwa mkate wa ngano, ambao pia ndio uliotumika katika ibada yao, na walikuwako waliohofu kwamba kula vyakula vya wenyeji kungeigeuza hata miili yao. Hata hivyo mbegu ya mahindi ilizaa sana, nayo ikapelekwa Ulaya kuwa chakula cha maskini. Kilichoachwa nyuma ni kazi ya wanawake wa Meksiko. Kwa zaidi ya miaka 3,000 mahindi katika nchi hizo hayakusagwa makavu. Yalichemshwa katika maji ya chokaa au jivu, yakalazwa usiku kucha, yakaoshwa mpaka ganda likatoka, ndipo yakasagwa mabichi kwa jiwe. Kazi hiyo huitwa nixtamal, neno lenye jivu ndani yake, kwani nextli kwa Kinahuatl ni jivu. Mgeni aliona ni desturi tu ya kulainisha punje. Kumbe chokaa huifungua vitamini inayoitwa niasini, ambayo katika mahindi makavu imefungika hata mwili hauwezi kuitumia.

Mwaka 1735, katika jimbo la Asturias, kaskazini mwa Hispania, tabibu Gaspar Casal alieleza maradhi mapya ya wakulima fukara. Ngozi yao iliwaka na kupasuka mikononi na shingoni, tumbo likaharibika, na mwisho akili ikawaruka. Aliona kwamba wagonjwa hao waliishi kwa mahindi, karibu bila ya kingine. Mwaka 1771, katika Italia ambako ugonjwa huo ulikuwa umeenea, Francesco Frapolli aliuandika kwa jina la pellagra, "ngozi chungu". Mwanzoni mwa karne ya 20 uliua maelfu ya watu kusini mwa Marekani, wengi wao maskini walioishi kwa unga wa mahindi, asali ya miwa na mafuta ya nguruwe. Kuanzia 1914 tabibu Joseph Goldberger alifanya kazi ya kuthibitisha kwamba si maambukizo bali ni upungufu wa chakula, na mwaka 1937 Conrad Elvehjem aliitambua niasini kuwa ndiyo iliyokosekana. Karne mbili zilipita tangu Casal. Katika muda huo wote, wakulima wa Meksiko waliokula tortilla kwa maharage na salsa, fukara kupita wengi wa Ulaya, hawakuujua ugonjwa huo kuwa janga lao.

Mbegu hizo zilifika pia katika pwani ya Afrika Mashariki, kwa njia za bahari zilizofunguliwa na Wareno: mahindi, muhogo, nyanya na pilipili kali. Majina yake yana makosa yale yale ya Wahispania. Columbus alipoiona ají mwaka 1493 aliihesabu kuwa aina ya pilipili manga aliyokuwa akiitafuta, na Kihispania kikaiita pimiento mpaka leo. Kiswahili nacho kikaipa jina la pilipili, na mahindi kikayapa jina lenye kuelekea Uhindini. Hapa pia nafaka ilikuja peke yake, bila ya chokaa yake, ingawa chokaa si kitu kigeni kinywani mwa watu wa Pwani, walioijua katika tambuu kama walivyoijua katika kuta za mawe. Kilichowasaidia wengi ni kitoweo: samaki, kunde na maharage, vinavyoziba pengo ambalo mahindi pekee huliacha.

Dharau kwa mahindi haikwisha na ukoloni. Meksiko ilipata uhuru mwaka 1821, lakini wakubwa wake waliendelea kuitazama meza ya Ulaya. Mwaka 1899 mwandishi na mwanasiasa Francisco Bulnes alichapisha kitabu kilichowagawa wanadamu katika mafungu matatu, watu wa ngano, wa mpunga na wa mahindi, akadai kwamba ngano ndiyo iletayo maendeleo na mahindi ndiyo yaliyowadumaza wenyeji. Hivyo umaskini uliosababishwa na kunyang'anywa ardhi ukasingiziwa tortilla. Mwezi Septemba 1910, katika karamu za kuadhimisha miaka 100 tangu kuanza kwa vita vya uhuru, wageni wa Rais Porfirio Díaz walikirimiwa mapishi ya Kifaransa. Waswahili husema: pilipili usiyoila yakuwashiani? Wakubwa hao waliwashwa na pilipili ya wenzao. Miezi miwili baadaye mapinduzi yakaanza, na waliopigana walibeba tortilla.

Haifai, hata hivyo, kuisifu kazi ya jiwe na kusahau mgongo ulioinama juu yake. Kusaga mahindi ya jamaa moja kulimchukua mwanamke hadi saa tano au sita kwa siku, akiwa amepiga magoti tangu kabla ya alfajiri. Vinu vya mashine vilipoenea vijijini katika miaka ya 1920 na 1930, wako wanaume waliolalamika kwamba tortilla imepoteza ladha na wanawake wamekuwa wavivu. Wanawake hawakurudi kwenye jiwe la mahindi. Walilobakiza ni jiwe dogo, la salsa, kwa sababu kazi yake ni ya dakika chache na ladha yake haikupatikana kwingine. Huo ni uamuzi wa wajuzi: walipima kipi kiachwe na kipi kishikwe.

Mwaka 1946 Josefina Velázquez de León alichapisha kitabu cha mapishi ya majimbo ya Meksiko, na meza ya taifa ikaanza kuandikwa kwa kutoka vijijini. Tarehe 16 Novemba 2010 UNESCO iliingiza mapishi ya jadi ya Meksiko katika orodha ya urithi usioshikika wa wanadamu, na nixtamal ikatajwa miongoni mwa nguzo zake. Lakini heshima ya karatasi haitoshi kuilinda nafaka. Tangu makubaliano ya biashara huria na Marekani na Kanada yaanze kazi mwaka 1994, mahindi mengi ya bei nafuu yameingia kutoka kaskazini, na wakulima wadogo wanaotunza aina za asili, zinazokaribia 60, wamebanwa. Mwezi Machi 2025 katiba ya Meksiko ilirekebishwa: mahindi yakatajwa kuwa sehemu ya utambulisho wa taifa, na kilimo cha mahindi yaliyobadilishwa chembe za urithi kikapigwa marufuku. Nafaka iliyodharauliwa na Bulnes imepata kifungu chake cha sheria.

Nayo salsa imetembea dunia nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 thamani ya mauzo yake ilipita ile ya ketchup katika maduka ya Marekani. Iliyomo chupani ni ya mashine, imesagwa sawasawa, na ukali wake umekwisha kuamuliwa na kiwanda. Katika Meksiko, mwenye kununua molcajete mpya haitumii siku hiyo. Hutia mchele mbichi, akausaga kwa mchi wake, unga ukatoka wa kijivu kwa vumbi la jiwe. Huumwaga, akatia mwingine, akasaga tena, na tena, mpaka unga utoke mweupe. Ndipo hutia chumvi na thomu. Hakuna maandishi yanayouzwa pamoja na kinu hicho kueleza hayo. Mnunuzi huyajua kwa kumwona mama au bibi yake akifanya, na asiyeonyeshwa na mtu hula changarawe.